Saa 312 kwa mwezi: kisa cha mlinzi wa ghala

Alifika saa 3 asubuhi akitokea lindoni, sare bado mwilini, kofia kaibana kwapani. Ilikuwa Julai 2024. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaketi kwenye benchi la nje kungoja zamu yake ingawa hapakuwa na mtu mwingine. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Siku mbili kwa wiki nakaa kwenye ofisi ndogo huku Gongo la Mboto, Dar es Salaam, nikisikiliza mambo ya kazi, ardhi na mirathi. Wengi wanaokuja kwa habari za kazi huwa wameshafukuzwa. Huyu alikuwa bado kazini, na jioni ile ile alitakiwa kurudi.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kuuliza kama nadai au sidai."

Akatoa daftari mfukoni, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila mstari tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jina la mwenzake aliyempokea lindo asubuhi. Alianza kuandika siku ya kwanza aliyoajiriwa, Mei 2023, na hakuwa ameruka hata usiku mmoja. Katika miaka yangu ya kusikiliza watu sijawahi kupokea ushahidi uliotunzwa namna ile. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema hakufundishwa. Babu yake alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, kwenye mkonge kule Tanga, na aliwahi kuwaonyesha wajukuu jinsi kipande kilivyokuwa: kadi yenye nafasi 30, ngwe, yaani kipimo cha kazi ya siku, ikikamilika unawekewa alama, na kadi isipojaa hujahesabiwa mwezi hata kama umekaa kambini siku 50. "Babu alisema mzungu alikuwa anaandika yeye. Nikaona mimi niandike mwenyewe."

Mkataba wake ulikuwa ukurasa mmoja. Kazi: ulinzi. Shifti: usiku. Mshahara: shilingi 156,000 kwa mwezi. Chini yake makatazo 11, kila moja na faini yake. Nililisoma lile karatasi mara mbili nikitafuta saa za kazi. Hazikuwemo.

Kumbe saa zilikuwa kwenye daftari. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi. Usiku sita kwa wiki, anapumzika Jumapili. Lindo ni ghala la vifaa vya ujenzi upande wa Vingunguti, na usiku yuko peke yake, hivyo hana nafasi ya kwenda kula. Chakula anakuja nacho kwenye hotipoti na anakula akiwa amelikabili geti. Mwenzake wa mchana mara nyingi anachelewa hadi saa 1, na nyongeza hiyo ya asubuhi sikuiingiza kwenye hesabu. Saa 12 kamili zilitosha.

Alikuwa ameshamuuliza supavaiza wake, miezi kadhaa kabla, mbona mshahara haukidhi. Akajibiwa kwamba kampuni inalipa zaidi ya kima cha chini cha serikali. Akanyamaza, kwa sababu ni kweli. Agizo la Mishahara la mwaka 2022, lililoanza kutumika Januari 1, 2023, liliziwekea kampuni ndogo za ulinzi kima cha 148,000 kwa mwezi, na kampuni kubwa na za kimataifa 222,000. Ya kwake ilikuwa ndogo. Ukiweka 156,000 pembeni ya 148,000, mwajiri amezidisha shilingi 8,000, na hapo mtu yeyote angeona hana cha kudai.

Tatizo ni neno "mwezi". Katika sheria zetu mwezi wa mshahara una idadi ya saa ndani yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na ina jedwali linaloonyesha jinsi ya kuushusha mshahara wa mwezi hadi saa: unaugawa kwa 4.333 upate wiki, kisha unagawa kwa saa za kawaida za wiki. Mara 4.333 saa 45 ni saa 195. Kwa hiyo ile 148,000 ya agizo ni bei ya saa 195, ambayo ni kama shilingi 759 kwa saa. Na 156,000 ya mzee huyu, ikiwa ni bei ya saa 195, ni shilingi 800 kamili.

Lakini yeye hafanyi saa 195. Saa 12 mara usiku sita ni 72 kwa wiki, mara 4.333 ni saa 312 kwa mwezi. Gawa 156,000 kwa 312. Inatoka shilingi 500.

Nilipomwandikia 500 kwenye karatasi na 759 pembeni yake alitazama kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hata hiyo ya chini siipati?" Nikamwambia haipati.

Hesabu ya anachodai ikawa hivi. Saa za ziada ni 27 kila wiki, yaani 117 kwa mwezi. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kawaida, kwake ni 1,200, na 117 mara 1,200 ni 140,400. Juu ya hiyo kuna posho ya usiku: kwa saa zote kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, mwajiri anaongeza asilimia 5, na kama saa hiyo ni ya ziada asilimia inahesabiwa kwenye bei ya ziada. Kwake inakuja kama 12,566. Jumla aliyostahili kila mwezi ni 308,966. Aliyolipwa ni 156,000. Pengo: 152,966.

Nataka kuikalia kidogo ile 140,400, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki. Mshahara wake ukikatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 15,600, anachokwenda nacho nyumbani ni 140,400. Fedha ya ovataimu asiyolipwa ni sawa, shilingi kwa shilingi, na fedha anayobeba nyumbani. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Kisha nikajaribu kwa mshahara wa 200,000, na wa 148,000, na wa 222,000. Kila mara zinalingana. Ukiikokotoa utaona ni lazima zilingane: saa 117 mara moja na nusu ni sawa na saa 175 na nusu, na tisa ya kumi ya saa 195 ni saa 175 na nusu. Maana yake ni kwamba mlinzi yeyote Tanzania anayekesha saa 72 kwa wiki bila ovataimu, awe analipwa kiasi gani mradi mshahara haujafikia kukatwa kodi, kila anachopokea mkononi kina pacha wake aliyebaki ofisini.

Ndiyo maana sishangilii haraka kima cha chini kinapopanda, ingawa naelewa furaha ya wenzangu. Agizo jipya, la kuanzia Januari 1, 2026, limepandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka 275,060 hadi 358,322, na hiyo ni hatua ya kweli kwa mtu anayefanya kazi saa 45. Kwa mtu wa saa 72, mshahara ukipanda na kinachobaki ofisini kinapanda vilevile. Kima cha chini bila saa ni kama bei ya mchele bila kilo.

Nikamwomba turudi nyumbani kwake kwa maneno, tuwapitie wapangaji wenzake mmoja mmoja. Sikutaka awaonee wivu. Nilitaka aone kazi yake imewekwa wapi kati ya kazi za watu anaowajua. Nyumba ina vyumba vinane na uani mmoja, kwa hiyo kila mtu anajua mwenzake anatoka saa ngapi.

Jirani wa ukuta kwa ukuta ni mhudumu katika ofisi ya serikali. Kima cha chini cha utumishi wa umma wakati ule kilikuwa 370,000, na saa za ofisi ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, siku tano. Kwa saa 40 za wiki ni zaidi ya shilingi 2,100 kwa saa. Na tangu Julai 2025 kima hicho ni 500,000.

Chumba cha mbele kuna kijana saidia fundi. Siku akipata kazi analipwa 12,000, anaanza saa 1:30 na kumaliza saa 11 jioni, katikati saa moja ya kula. Ni kama 1,400 kwa saa, kazi ya kubeba zege ghorofani. Mwezi mzuri anapata siku 15. Hizo siku 15 zinamletea 180,000 kwa saa zisizofika 130. Mzee alicheka kidogo aliposikia, kisha akasema, "Lakini yeye hajui kesho." Ni kweli, na uhakika wa tarehe 30 una thamani yake. Swali ni kama thamani hiyo inafika shilingi 900 kila saa.

Dereva wa bodaboda anapeleka hesabu ya 8,000 kila siku kwa mwenye pikipiki, anatoa mafuta, anabaki na 12,000 siku ya kawaida. Anakaa barabarani saa 14. Ukigawa ni kama 850 kwa saa. Yeye hana mwajiri kisheria, agizo la mishahara halimfikii, tairi ni lake na mguu ukivunjika ni wake. Hata hivyo kwa saa anampita mlinzi mwenye mkataba na kadi ya NSSF.

Anayekaa chini ya mlinzi ni mmoja tu, naye ni mpwa wake, binti anayefanya kazi za ndani Segerea na huja Jumapili mchana. Analipwa 60,000, ambayo ndiyo kima cha agizo la 2022 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Anaamka saa 11 alfajiri kuandaa watoto wa shule na analala saa 4 usiku baada ya kuosha vyombo. Ukimtolea saa tatu za kukaa, zinabaki saa 14, na kwa siku sita ni kama saa 364 kwa mwezi: shilingi 165 kwa saa. Kesi yake inastahili maandishi yake yenyewe. Naitaja hapa kwa sababu mjomba alipoisikia hesabu ya binti alisahau ya kwake, akasema tuanze na yule.

Sekta ya benki sikuiingiza kwenye nyumba ile kwa kuwa hakuna mpangaji wa benki. Kima cha agizo la 2022 kwa taasisi za fedha kilikuwa 592,000, yaani zaidi ya 3,000 kwa saa. Mlinzi anayekesha mlangoni mwa benki na karani anayeingia mlango huo asubuhi wanaweza kutofautiana mara sita katika malipo ya saa moja, wote wawili wakiwa wamelipwa "kwa mujibu wa agizo".

Basi tukajaza Fomu Namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi ambayo wote wanaiita CMA. Haina ada. Kabla ya kuipeleka nilimweleza jambo ambalo natamani kila mfanyakazi alijue mapema: mgogoro wa kufukuzwa unapelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Alikuwa amefanya kazi miezi 14. Kwa pengo la 152,966 kila mwezi, jumla ni 2,141,524. Lakini iliyo ndani ya siku 60 ni miezi miwili tu, 305,932. Iliyobaki ilihitaji maombi ya kuongezewa muda na sababu za kuchelewa, na sababu "sikujua" peke yake ni nyepesi mbele ya Tume. Tuliomba. Mtu anayelipwa pungufu kila mwezi anapoteza haki kila mwezi huku akiwa bado kazini na anaogopa kusema, na hilo naliona ni pengo kubwa kuliko yote katika sheria hii nzuri.

Siku ya usuluhishi mwajiri alimleta afisa utumishi wake, kijana mwenye adabu aliyemwamkia mzee kabla ya kukaa. Hoja zake zilikuwa tatu, na ya kwanza ndiyo ninayoisikia kila mahali, hata kwa watu wema: mlinzi anakaa tu. Usiku hakuna mtu, geti limefungwa, anasikiliza redio. Je, hizo nazo ni saa 12 za kazi?

Hapo nilikitoa kile kipengele cha faini kwenye mkataba wao wenyewe. Kulala lindoni: 10,000. Mzee alishawahi kukatwa, Novemba 2023, supavaiza alipokuja na pikipiki saa 10 alfajiri akamkuta kasinzia kwenye kiti. Kwa bei yake ya 500, shilingi 10,000 ni malipo ya saa 20. Ukimtoza mtu faini kwa kusinzia, umeshakiri kwamba kukaa kwake macho ndiyo kazi uliyomnunulia. Kinachouzwa pale ni macho na masikio, na kuwepo. Sheria nayo inasema hivyo kwa upande wa mapumziko: anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili angalau dakika 60 za kupumzika, na ikiwa analazimika kuendelea au kuwa tayari kwa kazi muda huo, unalipwa. Mtu aliye peke yake getini hana dakika 60 za kwake. Faini yenyewe nayo haina msingi. Sheria inaruhusu makato machache yaliyotajwa, na hata hasara iliyosababishwa na mfanyakazi haikatwi kabla hajapewa nafasi ya kujieleza, wala makato hayo hayavuki robo ya malipo yake.

Hoja ya pili: walikubaliana shifti ya saa 12. Hii ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana inawashinda wengi. Sheria inaruhusu kwa maandishi wiki iliyobanwa, ambapo mtu anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila ovataimu. Kampuni nyingi zimeshika sentensi hiyo na kuacha inayofuata: si zaidi ya siku tano kwa wiki, wala saa 45 za kawaida kwa wiki, wala saa 10 za ziada kwa wiki. Huyu alikuwa anafanya siku sita na saa 72. Na makubaliano ya maandishi hayakuwepo. Mkataba uliandika neno moja, "usiku". Mwajiri asipoweza kuleta maandishi ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Nilipolisema hilo afisa utumishi aliinamisha macho kwenye faili lake, na nadhani alikuwa analijua tangu mwanzo.

Ya tatu: daftari ameliandika mwenyewe, anaweza kuandika chochote. Msuluhishi akauliza kama kuna kitabu cha matukio lindoni. Kipo, kila ghala lina kile kitabu kikubwa ambamo mlinzi huandika "nimepokea lindo saa 12:00 jioni, hali shwari". Mzee akasema kwa sauti ya chini kwamba kitabu cha Machi kilijaa, cha sasa kimeanza Aprili, na vyote viko kwenye kabati la chuma nyuma ya mlango. Hakuna aliyetaka kwenda kukileta. Hoja ya tatu ikaishia hapo.

Kuna jambo ambalo halikujadiliwa vya kutosha siku ile na nalisema hapa. Hata kama kampuni ingemlipa ovataimu yote, bado ingekuwa nje ya sheria, kwa kuwa saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Yeye alikuwa na 108. Na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena lazima kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo. Anatoka saa 1 asubuhi mwenzake akichelewa, anarudi saa 12 jioni. Hizo ni 11. Toa daladala. Asubuhi foleni iko upande wa wanaoingia mjini, lakini hata hivyo yeye anafika nyumbani saa 2:30. Jioni anaondoka saa 10 ili asichelewe. Chumba kina bati, mchana wa Dar es Salaam ni joto, na uani watoto wanacheza. Analala saa nne, siku nzuri tano. Nauli yake ni 1,400 kwenda na kurudi, na kwa siku 26 inafika 36,400. Kwa bei ya 500, mikesha sita mizima ya kila mwezi ni ya kulipia daladala inayompeleka kwenye mikesha mingine 20.

Wakapatana shilingi 1,200,000 kwa awamu tatu, na ratiba mpya. Nilimshauri akubali. Wapo watakaosema nimemuuzia mtu haki yake nusu bei, na nimelifikiria hilo usiku zaidi ya mmoja. Pembeni ya 305,932 ambayo ilikuwa salama, na maombi ya muda ambayo yangeweza kukataliwa, na miezi ya uamuzi akiwa bado anategemea mshahara huo huo, niliona 1,200,000 ni fedha atakayoishika. Aliishika. Awamu ya pili ilichelewa wiki tatu, nyingine zilikuja kwa tarehe.

Ratiba ndiyo ilikuwa na uzito zaidi. Usiku nne kwa wiki, saa 48, tatu kati yake za ziada. Mshahara ule ule wa 156,000, ovataimu ya saa 13 kwa mwezi ambayo ni 15,600, na posho ya usiku kama 7,000. Jumla inakaribia 179,000 kwa saa 208.

Mwanzoni hakuipenda. Hili lilinishangaza, kisha nikamwelewa. Kwa mtu aliyezoea kwamba kukesha ndiko kunakomlisha, kupunguziwa usiku ni kama kupunguziwa sahani. Aliniuliza mara tatu kama mwisho wa mwezi hawatamkata zile siku mbili. Nilimwonyesha tena mstari wa 195 na wa 312, nikamwambia zile siku mbili hazikuwahi kulipwa, hivyo hakuna cha kukata. Alisubiri slipu ya kwanza ndipo akaamini.

Afisa utumishi naye alinieleza upande wao tulipotoka nje, na alisema kweli. Lindo moja la saa 24 kwa siku saba ni saa 168 kwa wiki. Kwa saa 72 kila mmoja, unahitaji walinzi wawili na theluthi. Kwa saa 45 unahitaji karibu wanne. Kwa mwezi lindo ni saa 728. Kwa shilingi 500 ni 364,000, kwa shilingi 800 ni 582,400, na bado hujaongeza posho ya usiku, NSSF ya upande wa mwajiri na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mwenye ghala anapotangaza zabuni haulizi saa, anauliza "mlinzi mmoja kwa mwezi bei gani", na anayetaja bei ya sheria anashindwa na anayetaja bei ya saa 72. Nilimjibu kwamba hiyo ni sababu ya kumbana mwenye ghala, na kampuni za ulinzi zina vyama vya kusemea jambo hilo. Mlinzi hakuwepo kwenye chumba bei ilipopangwa, kwa nini awe yeye wa kufidia tofauti? Akasema anaelewa. Ratiba mpya ilihusu lindo lile moja. Malindo mengine ya kampuni hiyo yaliendelea kama zamani, na hapo naona kazi ya afisa kazi wa serikali, mwenye mamlaka ya kuingia, kukagua kile kitabu cha matukio na kutoa amri ya utekelezaji bila kungoja mzee mwingine ajitokeze na daftari.

Mzee alifanya usiku nne kwa miezi saba. Siku za mapumziko alianza kumsaidia mkewe kuuza vitumbua asubuhi. Alisema amegundua mtoto wake wa mwisho ana utani mwingi, hakuwa anajua. Kisha Machi 2025 mwenye ghala akabadilisha kampuni ya ulinzi. Wapya wakataka kuwachukua walinzi waliolijua eneo, wakawapa karatasi za kusaini pale pale getini, juu ya boneti la gari.

Alikuja kwangu kesho yake asubuhi. Karatasi ilisema: mshahara 165,000, shifti usiku. Wenzake wawili walikuwa wameshasaini kwa furaha ya ile 9,000 iliyoongezeka. Yeye alikuwa amemuuliza yule bwana saa ngapi kwa wiki, na yule bwana akamjibu ataelekezwa akishaanza. Pembeni ya karatasi, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameandika 12 × 6, akapiga mstari, akaandika 72, na chini yake akaigawa 165,000 kwa 312 kwa njia ndefu ya kigawanyo, kama tulivyofundishwa darasa la nne. Jibu lilikuwa 528, na baki. Sehemu ya sahihi ilikuwa tupu.

"Nimewaambia nasoma kwanza," akasema, akatoa daftari jipya.